Kibodi nyingi Kusini zinauawa siku ya usafi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie makatibu na makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), walimu wenye maabara za kompyuta, vijana wa stesheneri na kila anayechapa kazi kwa kompyuta katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Jambo lenyewe linaonekana dogo: vumbi na makombo ndani ya kibodi. Lakini msimu wa mauzo ya korosho hufunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo tarakimu za kilo huingizwa kwenye kompyuta kutwa nzima. Uchafu ukikaa chini ya kitufe cha 5, kitufe kile kinaweza kubonyezwa mara moja kikaandika mara mbili, na kilo 75 za mkulima zikasomeka 755. Au kisiandike kabisa, ikabaki 7. Karani mwenye foleni mlangoni hawezi kukamata kila kosa la namna hiyo. Mwanafunzi anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu naye huingiza neno la siri, linakataliwa, anaamini amelisahau. Kumbe herufi moja haikuingia, na hakuiona kwa kuwa neno la siri huonyeshwa kwa vidoti tu.

Kinachouma ni kwamba nyingi ya kibodi zinazotupwa huku kwetu hazikufa kwa uzee. Mtu huchukua kitambaa kilicholowa akasugua juu ya vumbi kavu. Vumbi hugeuka tope, hushuka pembeni mwa vitufe na kukaukia ndani. Mwingine huipeleka kwa fundi pancha ipulizwe na kompresa. Hewa ya kompresa ya gereji hutoka na matone ya maji na mafuta yaliyojikusanya ndani ya tangi, na kwa nguvu ile mchanga hautoki wote. Mchanga mwingine husukumwa chini kabisa, mahali ambapo brashi haitaufikia tena. Vitufe vya laptopu vinaweza kung'oka palepale.

Kanuni ni hii: uchafu mkavu uondolewe ukiwa mkavu. Majimaji yafuate baadaye, tena kidogo.

Uchafu wa huku Kusini hauko wa aina moja, na kinachoondoa huu hakiondoi ule. Mchanga na udongo mwekundu wa Newala, Tandahimba au Ruangwa hauyeyuki katika kitu chochote utakachopaka. Unatoka kwa kugeuzwa, kugongwa na kupigwa brashi. Makombo ya maandazi, kashata na korosho za kukaanga yana mafuta na sukari, hivyo hunata, tena huita sisimizi na mende. Mafuta ya namna hiyo hutoka kwa maji ya sabuni au kwa spiriti.

Chumvi ni adui wa ofisi zilizo kando ya bahari, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa Masoko. Inakuja na upepo, inatua, kisha inavuta unyevu wa hewa usiku. Chumvi iliyolowa hupitisha umeme pasipotakiwa na hula chuma: utaona skrubu za mgongoni zina kutu na viunganishi vina ukungu wa kijani. Hapa watu wengi hukosea. Wanapaka spiriti kali ya 99% wakidhani ndiyo bora kwa kila kitu, wakati chumvi haiyeyuki humo. Chumvi inataka maji. Ndiyo maana kwa vitufe na fremu ya plastiki spiriti ya isopropili ya 70%, ambayo sehemu yake iliyobaki ni maji, inafaa kuliko ile kali.

Adui anayesahaulika zaidi ni salfa. Katika miezi ya kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, salfa ya unga husafiri na upepo, huingia kwa nguo na mikono, na maghala mengi huihifadhi chumba cha pili tu kutoka kwenye kompyuta. Haiyeyuki kwenye maji, wala spiriti haiisaidii. Kitambaa chenye maji huifanya uji wa njano unaojikamua kati ya vitufe. Ubaya wake hauishii hapo. Ndani ya kibodi ya kawaida kuna karatasi za plastiki zenye mistari ya kupitisha umeme, na mistari hiyo kwa kawaida huchapwa kwa wino wenye chembe za fedha. Fedha ikikutana na salfa huwa nyeusi, kama pete ya fedha inavyofifia kidoleni, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Salfa ikibaki mle ndani pamoja na unyevu wa masika, kuna kitufe kitakachokataa kuandika ingawa kwa nje ni kisafi na kinashuka vizuri. Basi salfa itolewe kwa brashi kavu, nje ya chumba, upepo ukiwa mgongoni kwako na barakoa usoni, maana inawasha macho na koo.

Kwa vikundi vya ubanguaji nina ombi la ziada. Mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza ngozi, yakikaa juu ya vitufe hukaza na kuwa gamba la kahawia. Yakiwa mabichi yanatoka kwa spiriti. Yakishakauka hayaondoki bila kukwangua. Anayebangua asiguse kibodi mpaka anawe kwa sabuni na kukausha mikono.

Sasa kazi yenyewe, kwa kibodi ya waya ya kompyuta ya mezani. Zima kompyuta kwanza, ndipo uchomoe. Plagi ya USB haina shida sana, lakini kompyuta za zamani zenye plagi ya mviringo ya rangi ya zambarau hazitaki kuchomolewa zikiwa zinawaka. Igeuze kibodi kifudifudi juu ya gazeti, uipigepige mgongoni kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiiinamisha kila upande. Usiigonge mezani, bodi yake ni nyembamba. Kisha chukua brashi mpya ya rangi ya inchi 1, yenye nywele laini, upitishe kati ya safu za vitufe ukivuta kuelekea kwako, kibodi ikiwa imeinama ili kinachotoka kianguke badala ya kurudi ndani. Mswaki mgumu usitumike juu ya herufi, unazifuta.

Hewa inasaidia, na si lazima ununue kopo la hewa ya kubanwa. Pampu ya baiskeli inatosha, au kile kipira cha kunyonyea kamasi za mtoto mchanga kinachouzwa duka la dawa. Puliza kwa mkato mfupi mfupi, pua ya pampu ikiwa imelala pembeni ili hewa ipite chini ya vitufe na kutokea upande wa pili. Mwenye kopo la hewa alishike wima. Likiinamishwa hutoa kimiminika cha baridi kali kinachoacha alama kwenye plastiki na kuleta unyevu. Kupuliza kwa mdomo kuachwe kabisa, maana kunapeleka mate.

Kwa kibodi ya ofisi ambayo hufanyiwa hivyo kila mwezi, kazi inaishia hapo pamoja na kufuta juu. Iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa inataka vitufe vivuliwe. Piga picha ya kibodi kwa simu kabla hujang'oa hata kimoja. Usitegemee kukumbuka, hasa alama za pembeni. Kunja klipu mbili za karatasi ziwe na ncha za kulabu, ziingize pande mbili za kitufe zinazokabiliana, vuta wima kwenda juu. Bisibisi huinua upande mmoja tu, na ndiyo inayovunja kishina cha chini. Kitufe kirefu cha nafasi, Enta, Shifti na jumlisha ya pembeni viache mahali pake kama hujawahi kuvivua, kwa sababu chini yake kuna waya wa chuma unaosawazisha kitufe, na ukirudishwa vibaya kitufe kitashuka upande mmoja na kukwama.

Vitufe viweke kwenye chekeche la kuchujia, ndani ya beseni lenye maji ya uvuguvugu lita 1 na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, kwa nusu saa. Maji ya moto sana hukunja plastiki, na jiki hupausha. Visugue kwa vidole, visuuze, vikung'ute, kisha vilazwe juu ya taulo kivulini usiku kucha, tundu likiangalia chini. Vishina vyake ni vitupu ndani na hushika tone la maji. Ukirudisha kitufe chenye tone, unalipeleka mwenyewe ndani. Wakati vinakauka, piga brashi fremu iliyobaki, halafu futa kati ya mashimo kwa pamba za vijiti zilizoguswa spiriti. Mililita 10 zinatosha kibodi nzima. Pamba ikidondosha, umechovya kupita kiasi.

Niseme juu ya majimaji mengine yanayotumiwa, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea. Petroli, thina na asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki na kung'oa herufi. Mafuta ya taa huacha utelezi unaokusanya vumbi jipya, sawa na mafuta ya nazi ambayo wengine huyadondosha kwenye kitufe kinacholia. Kitakasa mikono cha jeli, kilichoenea maofisini tangu 2020, kina vitu vya kukifanya kiwe kizito na kulainisha ngozi, na spiriti ikishakauka vitu hivyo hubaki vikinata. Hata spiriti ya hospitalini isome kibandiko, maana baadhi zina mafuta ya nyonyo. Unayotaka ni isopropili na maji tu. Nayo haipuliziwi kwenye kibodi: inawekwa kwenye kitambaa, mbali na moto.

Kuifungua kibodi yote ni hatua ya mwisho, na inafaa pale tu ambapo kitufe kinashuka na kupanda vizuri lakini hakiandiki, au kilimwagikiwa kitu cha sukari. Fungua skrubu zote za mgongoni, na ikikataa kuachia, papasa chini ya kibandiko. Mara nyingi kuna moja imefichwa pale. Usilazimishe, kwa kuwa ndoano za plastiki za pembezoni hazina vipuri. Ndani utakuta mipira laini, kisha karatasi tatu za plastiki: ya juu na ya chini zina mistari ya umeme, ya kati ina matundu na kazi yake ni kuzitenganisha mpaka kidole kibonyeze. Chai ya sukari ikiingia kati yake, karatasi hushikana, na herufi hujiandika zenyewe. Zitenganishe taratibu, ufute kwa pamba yenye maji safi yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti. Usikwangue mistari wala vidoti vyeusi. Zikauke kabisa kila moja peke yake kabla ya kuzipanga.

Kosa linalorudiwa na vijana wengi wanaojifunza ufundi liko kwenye kuunga. Karatasi hizo hazijachomelewa kwa risasi kwenye bodi ndogo ya umeme. Zinabanwa tu na kipande cha plastiki au chuma chenye skrubu. Skrubu hizo zikilegea, au ncha ya karatasi ikikaa milimita moja pembeni, kundi zima la herufi hunyamaza kwa pamoja. Kibodi haina waya mmoja kwa kila herufi. Herufi nyingi huchangia mstari mmoja, na mstari ukikatika zinakufa zote, hata zikiwa zimetawanyika huku na huko. Kwa hiyo ukiona herufi kadhaa zimekataa kwa wakati mmoja, acha kusafisha vitufe. Tatizo liko kwenye mstari au kwenye maungio yale.

Laptopu ni habari nyingine. Chini ya kila kitufe kuna vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyopishana, vyenye masikio madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Sikio likivunjika, kitufe hakikai tena. Nyingi za siku hizi zina kibodi iliyopigwa ribiti kwenye mfuniko, hivyo kuibadilisha ni kazi kubwa na ghali. Usivue vitufe. Zima kabisa, si kuilaza usingizi (Sleep) tu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Ishike imesimama kwa mwinuko wa nyuzi 75 hivi, puliza mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, igeuze kwa ubavu wa kulia urudie, kisha ubavu wa kushoto. Ndivyo Apple wanavyoelekeza kwa mashine zao, na walijifunza kwa gharama: kibodi zao nyembamba zilizoanza 2015 zilikuwa zinakwama kwa vumbi dogo tu, hadi mwaka 2018 wakatangaza kuzitengeneza bure. Kwa kufuta, kitambaa kiwe na unyevu usiodondosha, maana chini ya kibodi ya laptopu hakuna sakafu tupu. Kuna bodi kuu.

Chai ikimwagika juu ya laptopu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa umeme, ifungue na kuilaza kifudifudi juu ya taulo, uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Usiiwashe kujaribu. Kuifukia kwenye mchele hakutoi sukari wala maziwa, kunaongeza wanga.

Kuzuia vumbi ni rahisi kuliko haya yote, na kunategemea sana ufagio. Shuleni na maofisini watu hufagia asubuhi, madirisha wazi, kibodi zikiwa hazijafunikwa, halafu dakika tano baadaye kazi inaanza na feni inawashwa. Vumbi lote lililokuwa sakafuni linahamia mezani. Funikeni kabla ya kufagia, nyunyizeni maji kidogo au pigeni deki, na mfuniko usitolewe mpaka vumbi litue, nusu saa hivi. Kipande cha kanga kilichofuliwa kinatosha. Mfuko wa nailoni uliobana si mzuri kwa mikoa ya pwani kwa sababu unafungia unyevu ndani, na unyevu ndio unaoamsha chumvi na salfa. Mfuniko wa silikoni unafaa kwa kibodi ya mezani. Kwa laptopu unaweza kuzuia joto lisitoke, na skrini ikifungwa juu yake inabanwa. Chakula kihamie meza nyingine. Mama lishe akileta maandazi na chai ofisini, viwekwe mbali na mashine, na hili viongozi walisimamie wenyewe, si kubandika tangazo tu.

Naomba walimu wakuu na makatibu wa AMCOS waiweke kazi hii kwenye ratiba: brashi kavu kila wiki katika miezi ya salfa, kila mwezi kwa miezi mingine, na usafi wa kuvua vitufe mara mbili kwa mwaka, yaani Mei mvua zikiisha na Septemba kabla ya mnada wa kwanza. Atajwe mtu kwa jina. Kazi ya wote huku haifanywi na yeyote.

Mkimaliza, kibodi ijaribiwe kabla ya kurudishwa kazini. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na O. Itatokea kibodi kwenye skrini, na kila kitufe utakachobonyeza kitawaka pale (tarakimu za pembeni huonekana baada ya kuziwasha kwenye Options ya kibodi hiyo). Piteni vyote, pamoja na tarakimu za pembeni, kila kimoja mara kadhaa. Tarakimu za pembeni zikigoma zote, angalieni kwanza taa ya Num Lock. Na kama kibodi imekuwa nzito ghafla, inaandika pale tu unapokandamiza muda mrefu, huenda haikuharibika: Windows ina mpangilio wa kuchuja mabonyezo, na hujitokeza Shifti ya kulia ikishikiliwa kwa sekunde 8, jambo linalotokea kirahisi mtu anapofuta kibodi huku kompyuta inawaka. Shikilieni Shifti hiyohiyo sekunde 8 tena, au mzime mpangilio huo kwenye sehemu ya ufikivu. Zipo kibodi zilizotupwa kwa sababu hiyo tu.

Fundi kompyuta,
Mikindani, Mtwara